Gego limetoboka, jino la mbele sina, na nina mimba ya miezi mitano: ning'oe au nitibu?

Shikamoo dokta.

Mi nipo Morogoro, nina miaka 31, nauza vitenge sokoni, nina mtoto mmoja wa miaka 7 na saivi nina ujauzito wa miezi mitano. Naomba unisaidie maana nyumbani kila mtu ana lake na mimi nimebaki katikati.

Kuna gego la chini upande wa kulia lilianza kutoboka mda mrefu. Mwanzoni lilikuwa linauma nikinywa maji ya baridi tu, baadae likawa linauma lenyewe usiku, nakaa kitandani nimeshika shavu mpaka kunakucha. Nikaenda duka la dawa wakanipa amoksilini na flajili, likatulia, likarudi, nikanunua tena, likatulia tena. Sasa hivi haliumi kabisa dokta, hata maji ya barafu sisikii kitu, ila kwenye fizi pembeni yake kuna kakipele kanatoa usaha kidogo alafu kanafunga, baada ya siku kadhaa kanatoka tena. Nilienda kliniki moja ya meno hapa mjini wakapiga eksirei, wakasema jino linaokoleka, nifanyiwe ruti kanali alafu livalishwe krauni. Ruti kanali 180,000, krauni 300,000, na kung'oa ni 20,000.

Mume wangu anasema laki nne na themanini kwa jino moja ambalo hata nikicheka halionekani ni kutupa hela, ling'olewe yaishe. Mama mkwe anasema mjamzito hagusi jino, eti damu itatoka nyingi na ganzi itamdhuru mtoto, kwahiyo nisubiri nijifungue. Na jirani yangu alifanya hiyohiyo ruti kanali mwaka juzi, jino likaja kupasuka katikati wakaling'oa vilevile. Sasa nimsikilize nani?

La pili, jino la mbele juu, lile dogo linalofuatana na meno mawili makubwa ya katikati, lilitoka kwenye ajali ya bodaboda, na tangu hapo nacheka nimeziba mdomo. Mtaani kwetu kuna jamaa anatengeneza meno, anapita mpaka majumbani, anasema ananiwekea jino la kugandisha la kudumu kwa elfu 40, nusu saa tu limeisha. Kliniki wao waliniambia kuna la kuvaa na kuvua, kuna daraja na kuna impulanti, wakanitajia bei nikachoka kabla sijaelewa tofauti. Mwezi wa kumi na mbili mdogo wangu anafanya send-off na natamani safari hii kwenye picha nicheke kama watu.

La mwisho, mwanangu ana kashimo kadogo jeusi kwenye jino la nyuma kabisa. Shangazi yake anasema tuliache ni la utoto litang'oka lenyewe, na mtoto mwenyewe akisikia tu ile mashine analia.

Mama wa Morogoro

*

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa ujauzito, Mungu akufikishe salama.

Naanza na mama mkwe kwa heshima zote, maana hilo la mjamzito kutogusa jino nalisikia karibu kila wiki na linawaumiza wanawake wengi bure. Mjamzito anatibiwa meno. Anazibwa, anasafishwa mzizi, akilazimika anang'olewa, na ganzi ya kawaida tunayochoma ya lignokaini inatumika kwa wajawazito dunia nzima. Tena wewe upo kwenye kipindi kizuri kuliko vyote, kile cha katikati, kichefuchefu kimepungua na tumbo bado halijawa kubwa kiasi cha kushindwa kulala kwenye kiti. Ukisubiri mwezi wa nane au wa tisa, kulala chali kunaanza kuleta kizunguzungu maana mimba inakandamiza mshipa mkubwa wa damu, inabidi tukuinamishe kidogo upande wa kushoto na hata hivyo unachoka haraka. Na ile eksirei uliyopigwa usiiwazie, ya jino moja ina mionzi midogo mno na hailengi tumbo. Kinachonitia wasiwasi mimi ni usaha unaokaa mdomoni miezi kwa miezi na wewe ukiwa mjamzito, huo ndo wa kuuogopa.

Sasa gego lenyewe. Unasema haliumi tena hata kwa maji ya barafu na naona kama umefurahi, ila hiyo sio kupona. Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mishipa ya fahamu na ya damu. Shimo likiwa dogo linauma ukinywa kitu cha baridi au ukila tamu alafu linaacha, hapo kuziba tu kunatosha. Likianza kuuma lenyewe usiku maana yake ile nyama imevimba ndani ya sehemu ngumu isiyotanuka, inajiua taratibu. Ikishakufa maumivu yanakatika na mtu anasema ashukuriwe Mungu limepona, kumbe bakteria wanaendelea kushuka mpaka kwenye ncha ya mzizi, wanakula mfupa, usaha unatafuta pa kutokea. Hako kakipele ndo mlango wake. Huumwi kwa sababu usaha unatoka, siku mlango ukiziba utavimba.

Ndo maana pia amoksilini inakutuliza alafu tatizo linarudi. Dawa ya kumeza inasafiri kwenye damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki tena, kwahiyo inapunguza wadudu wa nje ya mzizi na wale wa ndani wanabaki kama walivyo. Unaweza kunywa mwaka mzima, utakachofanikiwa ni kuwazoesha wadudu hiyo dawa. Na kwa hali yako usinunue dawa ya jino dukani bila kumwambia muuzaji una mimba. Diklofenaki na bruufen ziache, hasa kuanzia wiki ya 20 na kuendelea, zinaweza kuathiri figo za mtoto na maji ya uzazi, na karibu na kujifungua zinagusa hadi mshipa wa moyo wake. Doksisaiklini na tetrasaiklini ndo kabisa, zinaweza kuyapa rangi meno ya mtoto wakati bado yanatengenezwa tumboni. Ukiumwa, parasetamo kwa kipimo chake, alafu unaenda kutibiwa.

Jino lililokufa lina njia mbili tu, kusafishwa ndani au kutolewa. Ruti kanali watu wanaiogopa kama kitu kikubwa sana ila kazi yenyewe ni hii: unachomwa ganzi, daktari anatoboa kutokea juu, anaingia na sindano nyembamba zenye makali kwenye kila mfereji wa mzizi, gego la chini mara nyingi lina mizizi miwili na mifereji mitatu, wakati mwingine minne, anakwangua ile nyama iliyokufa, anaosha kwa dawa ya klorini, alafu anajaza mpira maalumu unaoitwa gutapacha mpaka ncha ya mzizi ili wadudu wasipate pa kukaa. Linaweza kuisha siku moja au ukarudi mara mbili tatu, la kwako kwa sababu lina usaha usishangae wakikuwekea dawa ndani wakakuambia urudi. Na kwa vile mshipa umeshakufa, wengi wenye jino kama lako wanasikia zaidi uchovu wa kufungua mdomo kuliko maumivu.

Sasa la jirani yako, na hapa naomba mumeo asome na yeye. Sijaliona jino lake ila nakwambia sababu ambayo ni ya kawaida kuliko zote: alilipia ruti kanali akaacha krauni. Gego lililooza mpaka ndani, alafu likatobolewa ili kusafishwa, limebaki kuta za pembeni tu, ni kama nyumba ambayo imepandishwa tofali bila lenta, upande mmoja ukisukumwa ukuta unafunguka. Na magego ndo yanabeba nguvu yote ya kutafuna mifupa, mahindi ya kuchoma na miwa. Krauni inalivaa jino zima kwa juu inazikamata kuta zote pamoja. Kwahiyo ruti kanali ya gego na krauni ni matibabu mamoja yenye hatua mbili, mtu akiishia hatua ya kwanza jino linakuja kupasuka mpaka kwenye mzizi na likishapasuka hivyo hakuna fundi duniani wa kuliunga, alafu mtaa mzima unaambiwa ruti kanali ni wizi. Inaniuma sana hii kitu kwasababu kosa mara nyingi ni letu madaktari, hatumwambii mgonjwa bei ya yote mawili siku ya kwanza. Hao wa kwenu walikwambia zote mbili, hilo nimelipenda.

Tuje kwenye hesabu ya shemeji. Elfu 20 inaonekana rahisi kama hesabu inaishia siku ya kung'oa. Ila ukishang'oa, lile gego la juu linalokutana nalo linaanza kushuka maana halina wa kumzuia, la nyuma linalala kuelekea kwenye pengo, chakula kinaanza kunasa pale, mfupa wa taya nao unapungua na mwaka wa kwanza ndo unapungua zaidi. Baada ya muda ukitaka kurudisha jino, daraja la kuziba pengo la jino moja linashika meno matatu, la mbele ya pengo, la bandia lenyewe na la nyuma, na kliniki nyingi zinahesabu kila jino kwa bei ya krauni, kwahiyo kwa bei uliyopewa hiyo ni kama laki tisa, tena umechonga meno mawili mazima yasiyo na kosa. Laki nne na themanini ndo bei nafuu hapo.

Ila sitaki nikudanganye kwamba kila jino lazima liokolewe. Kama mzizi umepasuka, kama uozo umeshuka chini mpaka kwenye mfupa, au juu ya fizi hakuna kuta zilizobaki, maana krauni inahitaji angalau kama milimita 2 hivi za jino zima kuzunguka ili ishike, basi hela ya ruti kanali itapotea na bora ling'olewe. Na kama lingekuwa gego la mwisho lile linaloota ukubwani ningekuwa upande wa mumeo bila kusita. Muulize daktari wako swali moja tu, "nikiweka krauni hapa itashika kwenye nini?" na akuonyeshe kwenye eksirei. Na kama hela kweli haipo na haitapatikana, watu wengi tu wanaishi vizuri bila gego moja, kung'oa ni bora kuliko kukaa na usaha.

Ila kabla hujafika huko kuna namna ya kupunguza mzigo. Jino la nyuma halihitaji krauni nyeupe ya gharama, uliza bei ya krauni ya chuma kitupu, mara nyingi iko chini, ni imara na kwa vile ni nyembamba wanachonga jino kidogo zaidi. Uliza pia kama unaweza kulipa ruti kanali sasa, wakujengee jino kwa kizibio imara kinachofunika pembe zote za juu, alafu krauni ije baada ya wiki kadhaa ukijipanga, huku upande huo unautafunia vitu laini. Usiiache ikafika mwaka. Kama una bima waulize mapema inalipia nini, usije ukagundua umeshakaa kwenye kiti. Na kliniki ya kinywa na meno ya hospitali ya rufaa ya mkoa nenda kaulize bei zao pia kabla hujaamua.

Jamaa wa elfu 40, hapana. Nasema hapana kwa herufi kubwa. Anachofanya ni kuchanganya unga na maji ya plastiki, anaumba jino, anaimwagia ile plastiki mbichi kwenye meno yako mazima ya pembeni na juu ya fizi inaganda hapohapo. Halitoki kweli, na hilo ndo tatizo, maana mswaki haupiti chini yake, uchafu unakaa, fizi inavimba inatoa damu na harufu, na yale meno ya pembeni yanaoza huko chini bila wewe kuona. Nimewatoa watu hivyo vitu mdomoni, mtu kaja na pengo moja anaondoka na matatu. Alafu hujui vifaa vyake alimtumia nani asubuhi na alivichemsha wapi, na homa ya ini B inapita kwa damu kidogo sana. Anayekugusa meno awe na leseni, na daktari wa meno anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kuuliza leseni sio utovu wa adabu.

Sasa pengo lako la mbele, hapa nakaa kidogo maana una umri wa miaka 31 na uamuzi wa leo utaishi nao.

La kuvaa na kuvua ni jino la plastiki kwenye kibao chembamba kinachokaa kwenye paa la mdomo. Linapimwa, linatengenezwa, baada ya siku chache unalo. Bei yake ndo ya chini kati ya hayo matatu, halichongi jino lolote. Ubaya wake siku za mwanzo unaongea kama una kitu mdomoni, na lazima ulivue usiku na kuliosha kwa mswaki na sabuni ya kawaida, maji ya moto usitumie yatalipinda. Kwa send-off ya mdogo wako hili linakutosha kabisa.

Daraja la kawaida wanachonga meno mawili ya pembeni yawe madogo alafu wanavalisha kitu cha meno matatu kwa mpigo. Kwa mtu ambaye hayo ya pembeni yana mashimo makubwa tayari ni wazo zuri. Kwako, kama jino kubwa la katikati na chonge ni mazima, mimi binafsi silipendi, ganda gumu la jino likishachongwa halirudi. Kuna daraja jingine watu hawaambiwi, la kubandika, jino la bandia lina bawa moja dogo linalogandishwa kwa nyuma ya jino la jirani kwa gundi maalumu, hawachongi au wanachonga kidogo sana, na kwa jino dogo la pembeni kama lako linafaa sana ilimradi unavyouma meno ya chini hayaligongi. Siku likibanduka linabandikwa tena. Uliza kama wanalo, sio kila kliniki inalifanya na linataka mkono uliozoea.

Impulanti ni skrubu ya chuma kinachoitwa titani inayoingizwa kwenye mfupa wa taya, inaachwa kama miezi 3 mpaka 6 mfupa uishike, alafu juu yake linafungwa jino. Sio majaribio, Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alimwekea mgonjwa wa kwanza mwaka 1965 baada ya kugundua kwamba mfupa unashikana na titani, na kwa sasa ndo kitu kinachokaribia jino la kuzaliwa kuliko vingine vyote, haligusi majirani. Ila ni ghali, ukiwa mjamzito hatuweki kwasababu hakuna haraka yoyote, na kwa vile jino lilitoka kwa ajali mfupa wa mbele pale unaweza kuwa umekuwa mwembamba ikabidi uongezwe kwanza. Mvuta sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa nawapa tahadhari maana linafeli kwao zaidi.

Kwahiyo ningekuwa mimi, hela ya sasa hivi yote inaenda kwenye gego lenye usaha, pengo nalivalisha lile la kuvua ili December ucheke, na baada ya kujifungua ukishatulia ndo unaongea na daktari kuhusu la kubandika au impulanti. Hakuna kikubwa unachopoteza kwa kusubiri hapo, tofauti na gego ambalo kila mwezi linakula mfupa.

Na kwa vile bodaboda zipo na zitaendelea kuwepo: jino la ukubwani likitoka zima kwa ajali lishike kwa upande wa kutafunia, usiguse mzizi, kama lina vumbi lisuuze kidogo tu, lirudishe kwenye shimo lake na kung'ata kitambaa, ukishindwa liweke kwenye maziwa baridi na ukimbie kwa daktari, ndani ya nusu saa mpaka saa moja uwezekano wa kulirudisha ni mkubwa. La utoto hilo halirudishwi.

Gego lako sasa, usisubiri miadi kama ukiona shavu au chini ya taya kunavimba, homa, mdomo haufunguki, kumeza kunauma au sauti inabadilika. Hapo unaenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku, usaha ukishuka shingoni unaziba njia ya hewa.

Mwanao nimemweka mwisho ila mwambie shangazi mtu kwamba hilo la nyuma kabisa kwa mtoto wa miaka 7 karibu kila mara sio la utoto. Ni gego la kwanza la ukubwani, linaota kama miaka 6 nyuma ya yale ya utoto bila kung'oka jino lolote, ndo maana wazazi hawalishtukii, na halina mbadala, likienda limeenda. Shimo likiwa bado dogo linazibika, na akiogopa mashine kuna namna ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa glasi ayonoma, aina ya kizibio cha meno, bila mashine kabisa na mara nyingi bila sindano. Hiyo njia ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya sehemu zisizo na umeme, baadae dunia ikaichukua. Mpeleke siku ileile unayoenda kuanza lako, na mkifika tu waambie una ujauzito wa wiki ngapi kabla hujakaa kwenye kiti.